Chapati ya Tatu

...na ya pili haijapata hata umbo la duara pumzi imekwisha, imekwisha kabisa, Sonika ameegemea kibao anahema, unga hadi kwenye nyusi, kabaddi kabaddi kabaddi, halafu kimya, mbili kasoro, jana mbili kasoro, juzi mbili kasoro, na zamani, zamani gani, mwaka juzi tu, kabla Tannu hajazaliwa, alikuwa akisukuma chapati tatu kwa pumzi moja na ya tatu ikifika kikaangoni yeye bado anaimba, kwa sababu mchezo wenyewe wa kabaddi ndio huo, unavuka mstari peke yako kuingia kwao, wao saba, unalitaja jina la mchezo bila kuvuta pumzi ya pili, unamgusa mmoja, unamgusa wa pili, unakimbilia kwenu, na ukivuta hewa ungali kwao basi umekufa, toka nje ukakae na wafu wenzako... "Wifi, nachelewa chuo," Munesh anasema, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali ya baiskeli, "nikipita kwa kocha nimwambie nini, una homa au huna?" Homa, ndiyo, wazo lake mwenyewe, alilipata alfajiri akimnyonyesha mtoto, mwenye homa hachekwi, anayechekwa ni yule anayekwenda saa kumi jioni kuchaguliwa timu, wasichana wa miaka kumi na minane wamejipanga, miguu kama ya swala, anavuka, hatua nne tu hewa imemwishia, anadakwa kifundo cha mguu, anakaliwa mgongoni, na mmoja anauliza, huyu mama ametoka wapi... "Homa ya chapati hiyo," Munesh anacheka, "nilikuwa nahesabu, ya pili umeiacha kama ramani." Cheka wifi, cheka, ungejua kifua kinavyobana, mwezi mzima anajizoeza hivi, baba mkwe akienda shambani tu, haraka haraka, kwa sauti kubwa kama alivyokuwa akiwatisha wale saba, sauti iliyofika hadi kisimani, watu waliacha ndoo wakaja kutazama, sasa kuku tu ndio wanaoshtuka... moshi, moto unataka kuzimika, na mama mkwe, Bharpai, miaka sitini na ushee, anachutama, anachukua bomba la kupulizia, anapuliza, puuuu, ndefu, nyembamba, haina haraka, na Sonika anatazama mabega yake, hayapandi, ni tumbo tu linalojaa chini ya mtandio kisha linashuka pole, pole, mpaka kuni zinashika, na yule bibi wala hahemi, anasema, "Wewe unavuta hewa kwa mabega, kama unajitwisha ndoo. Kwani mtoto ulimzaa kwa mabega?" Munesh karibu aanguke na baiskeli, Sonika naye anacheka, kucheka kunauma pale chini ya kitovu, tumbo, tumbo hili alilolifunga kitambaa miezi minane, analirudisha ndani kila mtu akipita, analilaumu, kumbe alikuwa ameifunga na hewa humo humo, haya basi, liachie, lijae, kama mtungi, chini kwanza, chini kabisa, mabega yalale, donge la kwanza, kabaddi kabaddi kabaddi, sukuma, geuza, sukuma, ya kwanza hiyo, kikaangoni, donge la pili, kabaddi kabaddi, na mlangoni, "Khhm!", mzee Hoshiar, baba mkwe, amerudi mapema, kikohozi chake si cha ugonjwa, ni hodi, maana yake mkwe ashushe mtandio usoni na sauti ikome, na kila siku Sonika hukoma, papo hapo, lakini leo pumzi iko tumboni, akikoma amekufa, kwa hiyo anauvuta mtandio kwa kiwiko, unga mwingine puani, na sauti anaipunguza, anaipunguza mpaka inakuwa ya kumbembelezea Tannu, kabaddi, kabaddi, midomo tu, mvuke tu, na ajabu, hewa haiishi, ya pili imeviringika, imekwenda, hewa bado ipo, ilikuwa ni makelele, mama yangu, miaka yote ile alikuwa akiimwaga kwa makelele, ujanani ilitosha hata ya kumwaga, na wale saba wala hawahitaji kupigiwa kelele, wanahitaji kuguswa tu, donge la tatu, kabaddi, kabaddi... mzee hajawahi kusema naye moja kwa moja tangu aolewe, ana la kusema humwambia nyati wao wa maziwa aliyefungwa uani, na sasa anampapasa nyati shingoni, anamwambia, "Sikia, bibi wewe, leo utakamuliwa saa tisa. Saa kumi kuna watu wana shughuli uwanjani." Kukamua jioni ni kazi ya Sonika, uani wote wanajua, na mama mkwe anageuka na bomba mkononi, "Atamkamua nani?" na mzee, kwa nyati, "Mwambie mimi," na mama mkwe, "Wewe! Mara ya mwisho alikupiga teke ukalala siku mbili!" na mzee, "Mwambie safari hii nitakaa upande wa pili," na Munesh anapiga kengele ya baiskeli kwa kicheko, kring, kring, "Wifi! Nijibu basi, niseme una homa?" na Sonika anasikia yote hayo kama mtu aliye ng'ambo ya mstari, hawezi kujibu, hajarudi kwao bado, kifua kinaanza kuwaka, si kitu, polepole, tumbo linashuka lenyewe, sukuma, geuza, ya tatu, si duara sana, ina pembe moja, ni ramani na hii, anaitupa kikaangoni, kabaddi, kabaddi, anatikisa kichwa, hapana, anatikisa tena kwa nguvu mpaka unga unaruka, hapana, sina homa, na chapati inaanza kuvimba, pembeni kwanza, kisha katikati, inajaa yote, na yeye bado, kabaddi, bado, kabaddi, bado...