Tanki Lisilopumua

Kila asubuhi vituo vya mifugo vya Mbeya na Iringa vilipokezana zamu kwenye redio ya upepo, na mwaka ule wa sabini na sita hakuna aliyeingoja zamu yake kama Limbu, bwana mifugo wa kituo kimoja bondeni Usangu. Alikuwa amehamishiwa huko kutoka Shinyanga. Wasukuma wenzake waliohamia bondeni walileta ng'ombe joshoni, wakamsalimia kwa lugha ya nyumbani, wakaondoka kabla jua halijawa kali. Baada yao ilibaki redio. Nayo ilimtaka idadi tu: walioogeshwa, waliokufa. Andendekisye, aliyeshika mtambo wa Uyole, alijibu "imepokelewa" na kuita kituo kingine.

Kisha siku moja Lusia Kalinga, msimamizi wa shamba la ng'ombe nje ya Iringa, akauliza kama kuna anayezijua injini. Ile ya pampu ya kujazia josho ilikuwa ikiwaka, inakwenda kidogo, inazima. Limbu aliwahi kufanya kazi kwenye kinu cha pamba chenye injini kama hiyo. Kabla Lusia hajamaliza, alikwishajua. Kifuniko cha tanki la dizeli kina tundu la kupitisha hewa. Likiziba, tanki halipumui, mafuta hayashuki.

Lakini tundu hakulitaja; alimweleza jinsi ya kutoa upepo kwenye bomba la mafuta. Halikuwa jambo la uongo. Ukifanya hivyo injini huwaka, kwa muda.

"Jaribu hilo kwanza," alisema, "kesho unipe habari."

Kesho yake sauti ya Lusia ikaja na salamu ya Kihehe: kamwene, fundi, imezima tena. Akamwelekeza kusafisha chujio. Siku nyingine akamtuma kukaza viungio vya bomba. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na hakuna kilichokuwa dawa. Katikati ya maelekezo yakaingia mazungumzo. Lusia alitaka kujua huko Usangu wanakula nini, akamsimulia ukungu wa kwao. Siku moja Andendekisye alidakia kuuliza kama injini ile inatibiwa au inaposwa, Lusia akajibu kuwa mahari hapokei ila ng'ombe waliooga. Limbu alianza kunyoa ndevu kabla ya kuwasha redio.

Hata ikafika asubuhi ambayo Lusia hakusalimia. Josho lilikuwa limekauka. Yeye na wake wa wafanyakazi walikuwa wakibeba maji kwa ndoo kutoka mtoni, na hayakutosha. Kupe wamejaa, ndama wamevimba matezi chini ya masikio. Ndigana, homa iletwayo na kupe, Limbu aliijua, hakuhitaji kuelezwa.

"Kama hujui, Bwana Limbu, sema hujui, nimtafute mwingine. Ovaa."

Angeweza kusema hajui. Mwingine angemweleza, na jina lake lingebaki safi. Alibonyeza kitufe.

"Kifuniko cha tanki kina tundu dogo. Limeziba. Lizibue kwa sindano. Ni hilo tu. Ovaa."

Redio ilikoroma kidogo.

"Umelijua leo?"

"Nililijua siku uliyouliza."

Vituo vyote vilisikia. Safari hii Andendekisye hakutania. Lusia alisema amepokea, akatoka hewani.

Siku kadhaa zilipita Lusia akitoa taarifa zake kwa Uyole bila kumwita mtu. Kisha asubuhi moja aliomba nafasi ya kuzungumza na vituo vyote. Alieleza polepole, akirudia: tanki linavyopumua, dalili za kuziba, sindano, na kwamba tundu likaguliwe kila dizeli inapojazwa. Alisema ndama wake wamekufa, na hapakuwa na haja ya wao kufa, wala wa mtu mwingine yeyote. Wa Njombe akauliza kama vumbi ndilo linaloziba. Wa Chunya akauliza kuhusu kutu. Alimjibu kila mmoja mpaka akaridhika. Aliyemfundisha hakumtaja, kwa wema wala kwa ubaya.

Limbu alisikiliza mpaka mwisho. Palikuwa na jambo moja ambalo halikutajwa: nyigu hupenda kujenga kwenye tundu hilo. Alikaa na kidole juu ya kitufe, akingoja swali ambalo lingemfaa kulijibu.

Andendekisye alianza kuita vituo kimoja kimoja vithibitishe.

"Usangu?"

"Usangu imepokea," alisema Limbu. "Na nyigu. Waangalie nyigu pia. Ovaa."

"Imepokelewa," alisema Andendekisye, akaita kituo kilichofuata.