Walengwa wa Ilembwe

Siku ya Jumanne, mwezi wa Juni 1996, Silvana Mwanakulya alikaa kwenye benchi la ofisi ya Mfuko wa Jamii wa hospitali, mjini Sumbawanga, akiwa na bahasha ya kaki magotini na sweta la mtumba ambalo vifungo vyake vilikuwa vimegoma kukutana. Upepo wa kipupwe uliingia chini ya mlango bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka kijijini Ilembwe alfajiri, akatembea saa tatu hadi barabara ya Laela, akapanda lori la mahindi la Shamsi, ambaye alimweka mbele pamoja na dereva kwa sababu ya hali yake. Hali yake ilikuwa ni mimba ya miezi thelathini na moja.

Afisa miradi, Bwana Maganga, alimkaribisha huku akimenya karanga. Alimuuliza kama bado, naye akajibu bado. Akamuuliza kama mtoto anacheza, akajibu kwamba anacheza vizuri na ameanza kuota meno. Baada ya salamu hizo Maganga alifungua bahasha, akasoma ukurasa wa kwanza, akaifunga. Alisema fomu imebadilika. Ile ya mwanzo ilijazwa kwa mkono, sasa wafadhili wanataka iliyopigwa chapa, nakala nne.

Mfuko huo ulizaliwa baada ya serikali kutangaza kwamba wananchi sasa watachangia matibabu. Tangu hapo mjamzito alikwenda hospitali na glovu zake, wembe wake, pamba yake na mafuta ya taa yake, kana kwamba anahamia. Wafadhili walichanga, matajiri wa mjini wakachanga, hospitali ikafungua ofisi yenye bango kubwa kuliko mlango, na redio ikatangaza kwamba vikundi vya vijijini viandike maandiko ya miradi vipate ruzuku. Kilichotakiwa ni shida ya kweli na subira. Ilembwe walikuwa navyo vyote viwili kwa wingi.

Walichoomba kilikuwa chumba kimoja cha kujifungulia, chenye kitanda, taa na mkunga wa kulipwa. Sababu ya kuomba ilikuwa Angela, mdogo wake Silvana, aliyefia kwenye machela mwaka 1993 wakati wanaume wanane wakimkimbiza barabarani. Alikata roho kwenye kijito, maji yakiwa yamewafika wabebaji kiunoni. Silvana alikuwa nyuma yao amebeba beseni na kanga. Tangu siku ile alijua jambo moja tu kwa uhakika, kwamba yeye hatazalia kwenye machela. Lakini Angela hakuingia kwenye andiko, kwa sababu kijito kile kipo kata nyingine, na fomu iliuliza vifo vilivyotokea ndani ya eneo la mradi.

Barua ya maombi aliiandika Silvana mwenyewe, maana ndiye alikuwa katibu wa kikundi. Ilikuwa Julai 1994, naye amebakiza mwezi mmoja. Aliimalizia kama barua zote za Ilembwe zinazokwenda ofisini zinavyomaliziwa: tunaahidi kusubiri majibu yako kwa uvumilivu. Bila maneno hayo barua ingeonekana imeandikwa na watu wasiolelewa. Wanawake kumi na wanne walitia dole gumba chini yake, mbele ya mkutano. Sasa, kwa watu wa Ilembwe, ukishatia dole gumba mbele ya watu umeahidi wewe na kila aliye ndani ya nyumba yako. Mtoto wa Silvana alikuwa ndani.

Kwa hiyo mwezi wa tisa ulikwisha, wa kumi ukaingia, naye akasubiri. Bibi Bertilla, mkunga wa kijiji, alimpapasa tumbo na kusema mtoto hana tatizo, ameshika ahadi. Leonidas, mume wa Silvana, aliongeza upana wa kitanda. Mwaka uliofuata wanachama wengine sita waliotia dole gumba walishika mimba, mmoja baada ya mwingine, na walipofika mwezi wa tisa wote wakasimama hapohapo. Miongoni mwao walikuwa Fortunata, mweka hazina, na Epifania, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya kwanza.

Kliniki ya hospitali iliwapokea bila maneno mengi. Kadi ina safu za miezi tisa tu, hivyo muuguzi alimbania Silvana kadi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na baadaye ya tatu. Daktari aliandika hali ni nzuri, akamkumbusha kuleta glovu.

Ilembwe haikukaa bure. Mfuko ulidai mchango wa jamii, nao walifyatua tofali elfu nane, wakazichoma, wakaziezeka kwa nyasi zisilowe. Wanawake saba wenye mimba za miaka walisomba maji ya kufyatulia kwa ndoo kichwani, mikono yote miwili ikishikilia matumbo. Mwaka 1995 Mfuko ulitaka muhuri wa kata. Mwaka 1996 ukataka chapa, nakala nne. Mwaka 1997 ukataka kompyuta, na kompyuta ya kukodi mjini ilikuwa moja, kwenye duka la Huseni, ambaye aliwapigia andiko zima bure kwa sababu aliona aibu kuwadai. Mfuko haukuona aibu yoyote. Kila mara Maganga alisema wako karibu, na kila mara Silvana alirudi na fomu mpya akiwa ameegemea dirisha la lori, akisikia miguu ya mtoto ikitafuta mahali pa kukaa.

Mtoto huyo alikwishaanza kusema. Alijifunza kwenye vikao, kwa hiyo maneno yake ya mwanzo yalikuwa walengwa na mchanganuo. Kukiwa na moshi jikoni alikohoa, Leonidas akafungua dirisha.

Jibu lilikuja Machi 1998, katika mvua zile zilizokata barabara mkoa mzima. Maganga alilileta mwenyewe kwa Pajero ya Mfuko, akasimama mbele ya shule, na kijiji chote kikakusanyika. Wale saba walipewa madawati mstari wa mbele. Alisoma kwa sauti nzuri, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani. Kamati ilikuwa imeridhishwa na nidhamu ya kikundi. Hata hivyo, kwa kuwa kijiji hakijapoteza mama yeyote kwa sababu ya uzazi tangu mwaka 1994, na kwa kuwa walengwa wenyewe wameonyesha uwezo mkubwa wa kusubiri, ombi lao halikuonekana la dharura. Ruzuku ya mwaka huo ingetumika kwa semina ya siku tano ya uzazi salama, katika hoteli moja mjini. Silvana alialikwa kutoa uzoefu.

Walikuwa hawajapoteza mama kwa sababu hakuna mama aliyezaa. Mtu yeyote aliyewahi kuona tumbo angeweza kulitambua hilo, na kwenye kamati kulikuwa na madaktari wawili.

Silvana alinyanyuka ili aseme hivyo. Hakusema, kwa sababu wakati huohuo maji yalimtoka. Aligeuka akaona dawati la Fortunata linachuruzika, na la Epifania, na yale mengine yote. Jibu lilikuwa limefika, na wao hawakuwa wameahidi kusubiri kitu kingine.

Leonidas alimfuata Maganga, akamwomba gari. Maganga alieleza kwa masikitiko kwamba sera ya Mfuko hairuhusu gari la mradi kubeba wagonjwa, bima haiwahusu, na kwamba lazima avuke kijito kabla hakijajaa. Leonidas alishika mlango wa gari.

"Bwana Maganga, hawa si wagonjwa. Ni walengwa wako."

Maganga alikubali kwamba ni kweli, akapandisha kioo, akaondoka. Kama ipo laana inayompata mtu kwa kupandisha kioo tu, Ilembwe hawakuijua, na gari lilivuka salama.

Kijiji kilikuwa na machela mbili. Bibi Bertilla alikuwa na mikono miwili na taa moja ya chemli. Wale saba waliwekwa chini kwenye darasa la pili, kwenye mikeka, na watoto wakazaliwa wakubwa. Wa Silvana alitoka akiwa na meno yote, msichana wa miaka mitatu na nusu, akaomba sweta kwa sababu ya baridi. Silvana alipata uchungu usiosemeka, akapasuka, akashonwa kwa uzi wa kushonea mashuka, akapona. Wanne wengine nao walipona. Epifania alitokwa na damu hadi jioni bila mtu wa kumwongezea, akafa mkononi mwa mama yake. Fortunata mtoto alimkwama, wakamweka kwenye machela, wakakimbia naye. Walifika kwenye kijito wakakikuta kimejaa, wakasimama naye mvuani wakisubiri maji yapungue, na alikufa huku wamesimama. Safari hii walisimama upande wa Ilembwe.

Kufyatua yale matofali kulikuwa kumeacha shimo la kutosha makaburi mawili. Watu waliwazika humo, mahali walipotoa udongo wa chumba, kwa sababu udongo mwingine ulikuwa umelowa mno.

Mwezi Mei Silvana alikwenda mjini, akitembea kwa shida, amemshika binti yake mkono. Hakwenda kutoa uzoefu. Alikwenda kuwaambia mbele ya meza yao kwamba wameua watu wawili, na alikuwa amelipanga neno hilo kifuani tangu barabara ya Laela. Alilisema lote. Aliwataja Fortunata na Epifania kwa majina yao na ya baba zao. Maganga alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akatikisa kichwa, na machozi yalimlengalenga kweli. Kisha alifungua droo.

"Mama, pole sana. Lakini sasa mna takwimu. Andiko lenu safari hii lina nguvu."

Akamsogezea fomu mpya, kurasa kumi na mbili, akafungua ukurasa wenye sehemu ya vifo. Silvana aliitazama. Alitaka kuichana, na mikono yake ilikuwa na nguvu za kutosha kuichana pamoja na meza. Kule Ilembwe walikuwepo wanawake wanane wengine waliotarajia kujifungua kabla ya Krismasi. Akavuta kiti, akaomba kalamu.

Binti yake alisimama kwa vidole asome mezani.

"Mama, mama Fortunata ni mlengwa au ni takwimu?"

Maganga ndiye aliyemjibu, kwa upole, kama mtu mzima anayeheshimu swali la mtoto, kwamba kwa awamu hii ni takwimu, na akamwonyesha mama yake kisanduku cha kuandika.