Mwenzake Aliyejua Majibu Mno

Daktari yule mwanamke alianza kumshuku mwenzake siku jamaa huyo alipojibu swali kabla hajamaliza kusomewa. Walikuwa wawili tu katika chumba cha mapumziko hospitalini, wakijiandaa kwa mtihani wa ubingwa wa upasuaji wa mifupa, na jamaa alijibu kama mtu anayesoma ukutani. Mtihani umevuja, akawaza mwanamke yule, na huyu bwana ananificha.

Akaamua kumtega. Akafunga kitabu, akatunga swali lake mwenyewe.

"Mfupa umevunjika, tukaubana kwa bamba la chuma na skrubu hata usicheze kamwe. Ukiunga, eksirei itaonyesha donge la mfupa mpya?"

"Wapi!" akasema jamaa, akigandanisha ngumi zake mbili. "Donge huota pale mfupa unapochezacheza kidogo. Ukitulia kabisa, seli huvuka moja kwa moja upande wa pili."

Jibu lilikuwa sahihi, na usahihi huo ukazidi kumtia shaka.

"Kaka, sema kweli. Nani kakupa mtihani?"

Mwenzake akacheka bila furaha. "Nimeufanya mara mbili, dada, na nimeanguka zote. Hata nyumbani hawajui."

"Unaangukaje nawe unajua yote haya?"

"Kwenye mtihani wa mdomo, mbele ya jopo la watahini. Wakinikazia macho, ulimi unakufa ganzi."

Mwanamke akamchunguza uso kwa muda, akiutafuta uongo. Hakuuona. Basi akahamia upande wa pili wa meza, akavaa koti lake jeupe, akamkunjia uso kama mtahini.

"Haya, daktari. Tueleze mfupa unavyopona."

Jamaa akaanza kwa kigugumizi.