Mabega ya Tao la Nne

Kisu kilikuwa kikikwaruza penseli jikoni, na nje bado giza. Remei aliusikia mkwaruzo akiwa kitandani, akajua mpangaji wake hakulala. Alijifunga shali, akaenda kumsugulia mkate kwa nyanya, akaunyunyizia mafuta ya zeituni.

"Kula kwanza, binti. Tao halikimbii."

Queralt, mhandisi wa miaka ishirini na sita, aliitwa na ushirika wa wakulima wa zabibu kwa ajili ya ghala lao la mvinyo. Paa la ghala hilo lilibebwa na matao tisa ya matofali. La tano lilipasuliwa na radi, likabomolewa. Mzee Baldiri, mwashi wa kijiji, alichonga kalibu ya mbao ya kujengea tao jipya. Aliichora kwa duara, kwa kamba na msumari, kama baba yake alivyomfundisha. Kalibu ilipoinuliwa kando ya tao la nne, vilele vililingana na miguu ikalingana, lakini mabegani, kati ya kilele na miguu, kalibu ilizidi kwa upana wa kiganja.

Baldiri alisema kalibu haina kosa. Matao ya zamani ndiyo yaliyochoka, yamelegea mabega. Kama ni kweli, yote yangebomolewa, na mavuno yalikuwa wiki tatu mbele. Zabibu zingekosa pa kwenda, na mwana wa Remei alikwisha apa kwamba mwaka wa namna hiyo ataing'oa mizabibu. Mingine Remei aliipanda mwenyewe, akiwa na mimba ya huyo huyo.

Kulipokucha walikwenda ghalani watatu, pamoja na Baldiri. Queralt alipanda jukwaa, akakaza uzi mbele ya uso wa tao la nne, usawa wa kilele, wenye fundo kila mita kutoka katikati. Kutoka kila fundo aliteremsha timazi hadi ukingo wa tao, akataja urefu wake kwa sentimita, na Remei akauandika huko chini.

"Kumi na mbili," alisema Queralt. "Arobaini na nane. Mia na nane. Hapa ukutani, mia tisini na mbili."

"Si nilisema?" Baldiri alikuwa na karatasi yake. "Duara langu lingetoa kumi, arobaini na moja, tisini na saba. Tao limeshuka hilo. Limezeeka kama mimi."

"Wewe hukushuka, Baldiri. Ulizaliwa hivyo," alisema Remei.

Queralt alipopiga magoti juu ya mbao ili apige hesabu, Baldiri alivua koti lake akamrushia bila kumtazama. Msichana akaliweka chini ya magoti. Remei aliliona hilo.

"Mzee, kitu kilicholegea hulegea ovyo," alisema Queralt. "Hili, mita ya kwanza linashuka kumi na mbili. Mita ya pili linaongeza thelathini na sita, yaani mara tatu. Ya tatu, mara tano. Ya nne, mara saba. Uzee haupangi hesabu hivyo. Hii ni parabola, njia ya jiwe lililorushwa. Ni ndugu wa duara. Ukikata pia ya kuchezea watoto, ile yenye ncha, kwa kisu utawapata wote wawili, kila mmoja kwa mkato wake."

"Pima upande wa pili," alisema Baldiri.

Akapima. Zilikuwa hesabu zile zile, kasoro nusu sentimita.

"Pima la sita."

La sita nalo lilisema vivyo hivyo. Remei aliyarudia mahesabu kwa kidole, polepole, kisha akalifunga daftari. Baldiri alikaa juu ya kalibu yake.

"Baba alisema alilijenga hili ghala," alisema. "Kumbe alibeba chokaa tu. Wachoraji walikuwa wengine."

Hakuna aliyemcheka. Kwa kuwa kalibu ilizidi, haikupunguka, alichukua msumeno akaichonga upya mwenyewe. Tao lilifungwa siku ya kumi. Kalibu ilipoondolewa lilisimama kimya, na mwana wa Remei akaanza kunoa mikasi ya kuvunia.

Siku ya kuondoka, Baldiri alimbebea Queralt sanduku hadi kituo cha basi.

"Banda langu la kuku lina paa," alisema. "Uje ulipime, uniambie umbo lake."

"Mzee, si ni bati tambarare lile?"

"Najua. Uje tu."