Vipete Kwenye Leso

...na wamesema nisisimame mlangoni, kwa hivyo nimekaa, leso ya Nekoye mapajani, bado ina fundo, bado ina umbo la kichwa chake, maana tangu Krismasi ameikaza hivyo akisema ikibana kwa nje maumivu ya ndani yatashika adabu, na ndani ya leso vile vipete vya dhahabu, dhahabu ya sokoni, ambavyo Natasha wa saluni alimfunga jana kwenye misuko, na huyu msichana wa mashine, Chelangat, akavitoa kimoja kimoja akicheka, mathe, hapa tunapiga picha ya ndani, si ya nje, na hii sumaku haitaki chuma hata cha urembo... hata ukutani wameandika CHUMA NI MARUFUKU, tangazo limeshikiliwa na pini nne za chuma, sijui nani alizipa kibali... tak tak tak tak, imeanza, Nekoye hatashtuka, mtaani kwetu Kaptembwo tumelea watoto jirani na mashine ya kusaga posho, ilikuwa ikinyamaza ndipo anaamka na kuniuliza, Baba Quincy, mbona kimya, kuna nini... dirishani karani aliniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa, nikasema mume, akasema una kitu cha kuonyesha, nikamwonyesha Nekoye, ameniegemea begani macho yamefungwa, karani akaandika "mume", nadhani kwa huruma... vichwa vingi havihitaji picha, mzee, alisema daktari Jerop, mtu ambaye kimemuuma hivyo hivyo tangu ujana, nikimpima nikakuta yuko sawa, nampa dawa anaenda nyumbani, lakini mama amepita hamsini, hajawahi kuumwa kichwa, na hiki kinamwamsha alfajiri akitapika, hiki lazima tukiangalie, inaweza kuwa si kitu, alisema hivyo, inaweza kuwa si kitu, nami nimeishika hiyo "inaweza" kama mtu anashika kamba ya ng'ombe mkali... usitingishike, mathe, ukitingishika tunarudia, sauti ya Chelangat kwenye kipaza sauti, Nekoye na kutotingishika wapi na wapi, siku ya harusi yetu Bungoma mpiga picha alimwambia vivyo hivyo na bado alitoka amefumba macho, mdomo wazi, anageuka kwangu akiniambia, kiatu chako, Sitati, kamba imefunguka, na ndiyo picha tuliyo nayo, iko sebuleni, wageni hudhani tunagombana... tak tak tak... na jana nikamcheka, kwenda kusukwa kwa ajili ya picha ya ubongo, akasema picha ni picha, nami nikarudia gazeti langu pale kwenye benchi la saluni, habari za barabara itakayojengwa, hujengwa kila mwaka gazetini, na yeye akawa anamuuliza Natasha kitu, polepole, wakininyoa hapa kando, hizi za juu zitalala zifunike? Zitafunika, auntie, Natasha alisema, usiwe na wasiwasi, nitakuachia ndefu... wakininyoa... nilisikia, nikafungua ukurasa wa michezo... kumbe alijua picha hii inaweza kumfikisha wapi, kwenye kisu, alijua kuliko mimi, hakwenda kupendeza, alikwenda kupanga, kama anavyoanua nguo kabla ya mvua, halafu akavaa vile vipete ili nicheke, na nikacheka, alitaka nicheke... mzee, uko sawa? ni Chelangat, ametoa kichwa mlangoni, niko sawa, mama anaendeleaje? ametulia kabisa, hatingishiki hata kidogo, na hiyo ndiyo imenikata, Nekoye kutulia, afadhali angegeuka, afadhali ningesikia turudie, mathe... kipete kimoja kimeanguka chini ya benchi, nimekipata, hivi vitapotea, nimefungua kamba ya kiatu cha kushoto nikaivuta yote, navitunga humo, mikono haina kasi lakini kazi inaenda, akinyolewa nitavivaa mimi shingoni mpaka nywele ziote, kanisani pia, waseme... tak tak tak... kiatu kiko wazi, ulimi nje, nimenyoosha mguu mbele, pale mlango utakapofunguka, hawezi kukosa kukiona, akitoka tu aniambie.