Meza Niliyowaandalia Futari

Mpaka leo nikisikia adhana ya magharibi tumbo linanikata. Si kwa njaa, mimi ni Mkristo wa Kibosho na sifungi. Ni kwa sababu ya yale yaliyonikuta ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya wanawake wa mtaa, siku ambayo nilijiona nimemaliza kila kitu.

Nianze na nyumba. Niliinunua Mtaa wa Narung'ombe, hapa hapa Kariakoo, mtaa ule ule niliokuwa nimepanga miaka yote: nyumba ya zamani ya vyumba sita, korido katikati, uwani nyuma. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na yenyewe imejikunja katikati na bati lake lenye kutu. Wenzangu wa duka la vitenge walinicheka mpaka wakachoka. "Mama Godi, unanunua gofu ulikarabati? Kariakoo hii? Bomoa, panda juu, weka fremu upangishe!" Mimi ni mbishi tangu kuzaliwa. Nikiambiwa bomoa, ndiyo kwanza natafuta chokaa.

Tena sikutaka ikarabatiwe kwa milango ya alumini inayolia kama sufuria. Nilitaka vitu vya zamani vyenyewe. Kila niliposikia nyumba ya kale inavunjwa, iwe Gerezani, iwe Mchafukoge, nilimwachia dada wa dukani funguo nikakimbilia huko na fundi wangu Isidori, seremala wa Masasi, mtu wa mikono mizuri na maneno machache. Tukapata milango ya mninga, tukapata madirisha yenye nondo za maua. Wabomoaji wana utaratibu wao. Mbomoaji akishapewa nyumba, kila kilichomo ndani ya ukuta ni chake: boriti, bati, vitasa, hata kamba ya kuanikia nguo. Haulizi kilikuwa cha nani wala cha kazi gani. Na wewe mnunuzi huulizi, unabeba unaondoka.

Ubao ule tuliukuta Mtaa wa Mchikichi. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja aliyefariki majuzi tu, watoto wake wako nje ya nchi na waliiuza kwa simu tu. Uwani, nyuma ya pipa la maji, ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mninga mtupu, kipande kimoja, mrefu kumpita mtu mzima. Kingo zimeinuka kidogo pande zote, na katikati kuna mfereji mwembamba unaoishia kwenye tundu. Mninga wa upana ule siku hizi huupati hata kwa dawa. Nikaupitishia kiganja, ukawa laini kabisa, umesuguliwa na maji miaka na miaka.

"Huu ulikuwa wa kazi gani, fundi?" nikauliza.

Isidori akachuchumaa, akachungulia tundu. "Utakuwa wa kuparulia samaki, mama. Maji yanatiririkia huku. Kama zile meza za Feri."

Nikaunusa. Haukuwa na shombo hata chembe. Ulikuwa na harufu kali, ya baridi, nzuri tu, kama sanduku la nguo za bibi yangu.

"Samaki gani ananukia hivi?"

"Basi wa kufulia nguo," akasema.

Tukakubaliana kwamba ni wa kufulia nguo. Watu wazima wawili, tena tumekaa mjini miaka yote hiyo, tunakubaliana. Mbomoaji alikuwa anatupigia kelele tutoe haraka, lori linaingia.

Nilitaka uwe meza ya chakula. Isidori akaupiga randa kidogo, akaupaka mafuta, akauwekea miguu minne, na kwa kuwa ulizidi nafasi ya ukumbini akaupunguza upande mmoja. Ulipowekwa chini ya dirisha nikasimama nikautazama, na sikuona aibu kujisifu. Nilisema hakuna mwanamke Kariakoo nzima mwenye meza kama ile. Katika hilo nilisema kweli.

Sasa Bi Zamda. Huyu ni jirani yangu wa mbele, mtu mzima kwangu, aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi barazani kwake. Mume wangu alipofariki ndugu zangu walikuwa bado wako njiani kutoka Moshi, na Bi Zamda ndiye aliyelala chini chumbani kwangu mpaka nilipoweza kulala mwenyewe. Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, mwanawe wa pekee, Zulekha, alifariki wakati wa kujifungua. Nilikwenda msibani. Nilikaa nje kwenye mkeka na khanga yangu kichwani pamoja na majirani wengine, na kule nyuma ya pazia waliingia ndugu zake na waoshaji. Mimi sikuwa na cha kufanya kule.

Toka siku ile Bi Zamda aliacha vitumbua. Ukienda kwake anaitikia salamu halafu anatazama mlango, akingoja uondoke. Alikonda, na alikuwa halii. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Siku ya maziko hakulia, na baada yake hakulia. Nikajiapiza nitamtoa mle ndani hata kwa kumvuta. Ramadhani ilipoingia nyumba yangu ilikuwa imekwisha, na nilijua nitamtoa kwa njia gani.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba."

"Ijumaa futari kwangu. Nawaita wote, lakini nakuita wewe. Usipokuja naifunga ile nyumba na kufuli, siingii tena."

"Kwako nitakuja, Mama Godi," akasema. "Kwa mwingine nisingekwenda."

Nilitoka pale karibu niruke. Nikajiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nilinunua sufuria mpya. Kuku nilisimama nikamwona anachinjwa na Mwislamu. Chupa za bia alizoziacha shemeji yangu, hata zile tupu, nilizitoa nje ya nyumba. Nikauliza kibla kiko wapi, nikatandika mikeka ukumbini kwa ajili ya swala. Nikauliza tende zinatangulia au maji yanatangulia. Niliuliza kila kitu, jamani, isipokuwa meza.

Ijumaa wakaja, kama wanane hivi, wamependeza. Bi Zamda alifika wa mwisho, anatembea polepole, akakaa kwenye kiti nilichomwekea. Chakula kilikuwa bado jikoni, isipokuwa sahani ya tende kwenye kigoda pembeni. Meza nilikuwa nimeifunika kitambaa cheupe kwa makusudi, maana nilitaka waione wote kwa pamoja. Nikasimama mbele yao nikakivuta kile kitambaa kama wanavyozindua majengo.

Macho yote yakaganda mezani.

Nikadhani wameduwaa kwa uzuri. Mungu wangu! Nikaendelea: "Mninga mtupu, jamani, kipande kimoja! Tazameni mfereji ulivyochongwa! Shikeni, msiogope!" Mama mmoja muuza viungo, aliyekuwa ameweka mkono mezani, akauondoa haraka akaukumbatia kifuani. Mwingine akasema, "Inna lillahi," kwa sauti ndogo. Mimi bado natabasamu.

Bi Zamda akanyanyuka kwenye kiti chake. "Umeutoa wapi huu?"

"Mchikichi. Uwani kwa bibi mmoja amefariki, nyumba yake imevunjwa."

"Bi Mwanahawa," akasema.

"Mlikuwa mnamjua?"

Wakatazamana. Mwishowe yule mama muuza viungo akanionea huruma. "Bi Mwanahawa alikuwa mwosha, Mama Godi. Wanawake wote wa mitaa hii aliwaosha yeye."

"Aliwaosha nini?" nikauliza, maana akili ilikuwa imegoma kabisa.

"Maiti, mwenzangu. Huu ni ubao wa kuoshea maiti."

Nilishika ukuta. Nikautazama ule mfereji niliokuwa nausifu, nikajua ni maji gani yaliyokuwa yakipita pale, na ile harufu nzuri nikajua ni ya karafuu maiti. Halafu likaja jingine, baya kupita hilo, nikamgeukia Bi Zamda. Mtaa mmoja. Mwosha mmoja. Ubao mmoja. Sikuhitaji kuuliza, na yeye hakuhitaji kuniambia, alikuwa amekwishaweka kiganja juu ya ubao katikati, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa.

"Mwanangu nilimmiminia maji mwenyewe," akasema. "Hapa."

Adhana ikaanza wakati ule ule, msikiti wa kwanza, ukafuata wa pili. Hakuna aliyeinua tende. Wanawake wanane wamefunga tangu alfajiri, mbele yao meza, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kufuturu. Bi Zamda alikuwa anatembeza vidole ukingoni, taratibu, kuelekea upande wa dirisha. Vikafika mwisho, vikasimama.

"Umekatwa," akasema. "Huku kulikuwa kwa kichwa. Kipande kingine kiko wapi?"

Nilijua kiko wapi. Natamani ningekuwa sijui. Isidori hatupi mninga, na kile kipande alikuwa amenizungushia kona zake vizuri akanitengenezea kibao cha jikoni. Mchana kutwa nilikuwa nacho.

"Kiko jikoni," nikasema.

"Kilete."

"Bi Zamda, naomba nikakioshe kwanza..."

"Kilete kama kilivyo!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Nikaenda. Kilikuwa kando ya jiko, kisu bado kiko juu yake, na bakuli la kachumbari pembeni. Nikatoa kisu. Nikakibeba kwa mikono miwili na machozi yananitoka, nikamkabidhi mbele ya wote, kimelowa.

Alikiinua usoni akakinusa. Nikafumba macho.

"Kitunguu," akasema.

Nikafumbua. Alikuwa amekishika kama unavyomshika mtoto mashavuni. "Zulekha alikuwa hali kitunguu. Toka mdogo. Nikikificha kwenye mchuzi anakitafuta, anakitoa kimoja kimoja, anakipanga ukingoni mwa sahani. Nilimpigia kelele miaka yote. Kula kitunguu, wewe mtoto, kula!" Halafu akalia. Alilia kwa sauti, ameinama juu ya kile kibao, kilio ambacho tulikuwa tunakingoja tangu vuli. Na mimi, niliyeapa kumtoa ndani, nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, Bi Zamda. Sikujua."

"Usiniombe radhi sasa. Nitakujibu vibaya."

"Hakujua, Zamda," yule mama muuza viungo akasema. "Na ubao ni ubao, si msahafu." Wawili walikuwa wameshachukua viatu vyao. Wengine walisimama tu, na mmoja akakiokota kitambaa changu akaufunika tena ule ubao, taratibu, mpaka mwisho. Kesho yake waliupeleka msikitini wenyewe. Sikuulizwa neno.

Bi Zamda alipotulia akajifuta kwa ncha ya mtandio, akanipa kile kibao. "Nibebee," akasema. "Mimi mikono haina nguvu."

Tukavuka mtaa. Wamachinga walikuwa wanafuturu juu ya maboksi yao, wakatusalimia, tukapita. Kwake taa haikuwashwa. Akakaa kitandani, akaniambia nikiweke kibao juu ya meza ndogo, nikakiweka. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyeitwa polisi.

"Mama Godi, niambie yote sasa hivi," akasema. "Nisije nikayasikia sokoni. Ni nini kingine ulichoufanyia ule ubao?"

Ningeweza kusema hakuna. Isidori ni mtu wa siri, na hakuna mwingine aliyeniona. Lakini nilikuwa nimeshamficha vya kutosha kwa ujinga, sikutaka kuongeza vya makusudi.

"Nimeulalia," nikasema. "Mchana nikija kukagua ufundi, mgongo ukiniuma, nilikuwa napanda juu yake nalala. Siku nyingi tu."

Nilingoja anifukuze. Nje mtu alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko akiita watoto wake. Bi Zamda alikitazama kile kibao, halafu akanitazama mimi, na sauti iliyomtoka sikuitambua.

"Ulilala chali?"

"Chali."

"Pagumu?"

Nililielewa polepole lile swali, kwamba halikuwa la mgongo wangu, nikakaa sakafuni miguuni pake.

"Hapana, Bi Zamda. Si pagumu. Ni laini kabisa. Nilikuwa napitiwa na usingizi mpaka fundi anakuja kuniamsha."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Akanyoosha mkono, ukanishika begani, ukakaa pale.

"Nichotee maji," akasema. "Sijafuturu."