Isale Katika Kikapu cha Wadhamini

Mchezo wangu una sehemu tatu: unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, zote kwa mkupuo mmoja, bila hata nafasi ya kukaa ukafunga viatu vizuri. Kuna sehemu ya nne ambayo haimo kwenye sheria, nayo ni kuchekacheka na wadhamini. Hiyo ndiyo inayonimaliza. Maji nayaweza, mlima nauweza. Lakini kusimama juani kwenye ua wa hoteli mjini Moshi, siku moja kabla ya mashindano, nimekumbatia tairi jipya huku kijana wa kamera ananiambia, "Dada, onyesha meno kidogo," hilo sijalizoea mpaka leo.

Kampuni iliyokuwa ikinidhamini inauza matairi na baiskeli. Ni ya familia ya Hardeep, Singasinga wa Moshi tangu enzi za babu zao. Hardeep namfahamu tangu akiziba pancha dukani kwa baba yake, kabla hajaenda kusoma Uingereza na kurudi na mashati ya kubana. Ni mtu mwema. Ila watu wake wa matangazo walikata jina langu la Mektrida wakaandika "Meki" kwenye fulana, eti lile refu halikai vizuri kifuani, na tangu hapo nusu ya nchi inaniita jina ambalo mama yangu halijui.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha na mashindano yale, na hakuna aliyeniambia neno. Nilikuwa na umri ambao wenzangu wengi walishaacha wakafungua maduka ya vipodozi. Sikuwa nawaza medali tena. Nilitaka jambo moja tu: siku ya kuacha niichague mimi. Nimeona wenzangu walivyoachwa. Simu haipokelewi, ikipokelewa unaambiwa bosi yuko kikaoni, halafu siku moja unapita barabarani unaona sura ya mtu mwingine kwenye bango lako. Mimi nilitaka niage kwa mdomo wangu, mbele ya watu wanaonijua. Niliona hilo si jambo kubwa kuliomba.

Jumamosi ile asubuhi nilimfuata Nikita, msichana wa matangazo aliyekuja kutoka Dar kusimamia kila kitu. Alikuwa ameketi na simu mbili na kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Da Meki, mambo? Umependeza balaa."

"Nikita, mkataba wangu vipi? Kesho ndiyo mwisho."

Akatazama simu moja, akatazama ya pili. "Tutaongea kesho, dada. Kesho ndiyo siku yenyewe. Usijipe presha."

Mtu akikwambia usijipe presha, ujue anacho anachokificha. Nikageuka, nikamwona Shedrack wa kamera anampiga picha Grace. Grace ni binti wa Soweto, hapo hapo mjini, anaogelea utadhani alizaliwa majini, na ana adabu, jambo linalonikera zaidi kwa sababu linaninyima sababu ya kumchukia. Alikuwa amevaa fulana ya kampuni, mpya kabisa, bado ina mikunjo ya kwenye mfuko.

"Shikamoo dada," akaniamkia.

Nikaitikia marahaba huku magoti yakiniuma, nikajiona nimezeeka pale pale.

Mchana tukapanda Uru, nyumbani kwa mama, kwa sababu Nikita alitaka picha za "maisha halisi". Maisha halisi ya mama siku hiyo yalikuwa kukata majani ya ng'ombe, lakini hayo hawakuyataka. Shedrack alimwomba achume kahawa. Mama akamwambia hazijaiva. Shedrack akasema haidhuru, ajifanye tu anachuma. Mama akanitazama mimi, si yeye, kwa yale macho aliyokuwa akinitazama nayo nilipovunja chungu, kisha akasimama katikati ya migomba akashikashika kahawa mbichi kwa dakika kadhaa, kwa heshima ya wageni.

Walipomaliza, Nikita akaleta kikapu kutoka kwenye gari. Ndani mlikuwa na taulo, mafuta ya kuchua misuli, fulana, na majani ya chai ya mama. Juu kabisa, kwenye mshikio, alikuwa amepitisha jani refu la kijani akalifunga fundo zuri, likakaa kama utepe.

"Mama, shikamoo. Hii ni zawadi yenu kutoka kampuni," akasema, akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo.

Mama alilitazama lile jani. Akafuta mikono kwenye khanga, pole pole, akapokea kikapu, akaingia nacho ndani. Hakurudi mpaka gari lilipoondoka.

Jani lile ni isale. Sisi tunalipanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, na ukipita Uru utaliona kila mahali, ndiyo maana mgeni anaweza kudhani ni ua tu. Lakini mtu akikukosea, akataka kuomba radhi, hulifunga fundo isale akalipeleka kwa mkubwa wa nyumba. Likishapokelewa, ugomvi umekwisha. Hakuna kulikataa. Hata aliyeunguza nyumba yako, akija na isale, utamkaribisha akae.

"Hawa wamekukosea nini?" mama akaniuliza tulipobaki wawili.

"Mama, ni mapambo. Yule ni mtoto wa Dar, anajua nini?"

"Wa Dar hajui. Lakini bosi wake ni wa hapa. Msiba wa baba yake Hardeep ulijaa Wachaga nusu ya mji, unafikiri hawakumfundisha mwanawe? Fundo limefungwa, limeletwa kwa mzazi, limetolewa kwa mikono miwili na kichwa chini. Nani amepamba kikapu hivyo?" Kisha akasema kwa upole, "Wamekuacha, mwanangu. Wameona aibu kusema."

Nikajumlisha. Kesho ndiyo siku yenyewe. Fulana mpya ya Grace. Simu mbili zinazotazamwa ili macho yasinitazame mimi. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba walikuwa wameshaninyang'anya hata hasira, maana mama alishapokea. Nikala mtori wangu, nikapanda kitandani, nikawa nahesabu mabati.

Jumapili tuliogelea kwenye bwawa la kumwagilia miwa, kusini mwa mji, maji ya uvuguvugu yenye rangi ya chai ya maziwa. Grace aliondoka mbele tangu firimbi. Nilipotoka majini mabega yalikuwa yameshafunga kazi, na baiskeli ilikuwa bado, na mbio zilikuwa bado. Kwenye baiskeli joto la kule chini lilinikamua. Tulipopita mjini watu walikuwa wanatoka kanisani, wakasimama na nguo zao nzuri wakaniita Meki, Meki, nami sikuwa na nguvu hata ya kunyanyua kidole.

Kisha tukaacha baiskeli, tukaanza kukimbia kupandisha Uru. Hiyo njia naijua kuliko uso wangu. Nilikuwa naipanda na kidumu cha maziwa kichwani kabla sijajua kuna watu wanalipwa kukimbia. Siku hiyo kila kona ilinidai. Nyama za mapaja zilitetemeka, na nilikuwa nimechoka uchovu usioishia kwenye miguu, uchovu wa miaka, wa kuamka alfajiri kuingia kwenye maji baridi, wa kupimwa kila ninachokula, wa kuonyesha meno. Lakini kichwani nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa nimeamua. Kama Hardeep anataka kunizika jukwaani, atanikuta nimeshajizika.

Nilimaliza wa tatu. Grace alikuwa wa kwanza, na alinisubiri kwenye mstari akanishika nisianguke.

Jukwaa lilikuwa kwenye uwanja wa shule. Nyuma yake walikuwa wamesimamisha bango kubwa lililofunikwa kitambaa cheupe, na Hardeep amesimama pembeni na suti, ameshika ncha ya kile kitambaa, anatabasamu. Nilijua ni sura ya nani iliyo chini yake. Mtangazaji akasema, "Na sasa mdhamini wetu ana neno." Nikapiga hatua moja, nikachukua kipaza sauti mkononi mwake. Alikiachia, labda kwa kuona nilivyokuwa nimefura.

"Mimi ni Mektrida wa hapa Uru," nikasema. "Wengi wenu mmenilea. Leo nimekimbia mara ya mwisho. Sikufukuzwa na mtu. Nimechoka na nimeamua mwenyewe. Asanteni kwa miaka yote mliyonishangilia, hata ile niliyokuwa wa mwisho."

Halafu bibi mmoja akapiga kigelegele, wengine wakapokea, uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Niliona wanaume wazima wanafuta macho. Nilijisikia mrefu. Nikasema moyoni, haya, Hardeep, vuta sasa kitambaa chako.

Hakukivuta. Alikuwa amesimama pale pale na ncha mkononi, tabasamu limemganda. Nikita alikuwa analia, na hakuwa analia kwa furaha. Hardeep akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jukwaa, mahali ambapo watu hawaoni, akainua kitambaa kwa upande wa nyuma.

Ilikuwa sura yangu, imejaa bango zima. Chini yake wameandika kwamba ninaendelea na kampuni kwa miaka miwili mingine, na kwamba Grace anajiunga ili nimfundishe.

"Ilikuwa tukushtue," Hardeep akasema. "Nikita alikaa na siri hii wiki nzima, alikuwa anakukimbia. Nani alikwambia tunakuacha?"

Nikakaa juu ya kreti la soda. "Mlileta isale kwa mama."

"Isale gani?"

"Lile jani?" Nikita akadakia, kamasi zinamtoka. "Nililiona kwenye ua wa hoteli, nikaona linapendeza. Nikaangalia video ya namna ya kufunga riboni. Nikasema tuweke kitu cha asili ya huku. Da Meki, limefanya nini?"

Hardeep ni mtoto wa Moshi, alielewa kabla sijafungua mdomo. Alijipiga paji la uso, akacheka kidogo, kicheko kikamfia. Akamweleza Nikita kwa maneno machache, na yule binti akachuchumaa chini akafunika uso.

Nami nilikasirika, nisidanganye. Nilimkasirikia Nikita na video zake, nikamkasirikia mama na mila zake, nikajikasirikia mimi niliyekimbilia kipaza sauti kama mtoto anayegombea nyama. Miaka miwili. Nilikuwa nimeitupa mbele ya uwanja mzima kwa sababu ya fundo la jani.

"Sikiliza," Hardeep akasema, akachuchumaa mbele yangu. "Hakuna kilichoharibika. Napanda pale juu sasa hivi, nasema ulikuwa utani tuliopanga wote wawili, navuta kitambaa. Watu watacheka, watashangilia mara mbili. Keshokutwa tunasaini. Niambie tu ndiyo."

Alikuwa anasema kweli. Lilikuwa jambo rahisi hivyo. Huko nje ngoma zilikuwa zimeanza, na mtangazaji anababaisha babaisha kuwaweka watu.

Nikangoja ule uchu uje. Kila nikimaliza mashindano, hata niwe nimetapika, hata niwe nimeapa njiani kwamba basi, ndani ya muda mfupi huwa unanijia: laiti ningeanza mapema kwenye kile kilima, mara nyingine nitafanya vile. Ndio ulionirudisha majini miaka yote. Nikaungoja nimekaa kwenye kreti, jasho linanikauka, Hardeep ananitazama. Nikaufikiria mwezi ujao, bwawa la alfajiri, maji yanavyokukata pumzi. Nikamfikiria Grace akinisubiri kwenye mstari. Haukuja. Kilichokuja ni usingizi.

"Hapana," nikamwambia.

"Kwa sababu ya aibu? Aibu itapita, Mektrida."

"Si aibu. Nilichosema pale juu nilikisema kwa hasira, lakini ni kweli. Weka sura ya Grace. Nitamfundisha bure akitaka, nikishalala vya kutosha."

Hardeep akaitikia kwa kichwa. Hakunibembeleza tena, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alinisaidia kuvua viatu, kisha akapanda jukwaani akasema maneno mazuri juu yangu, marefu mno, na kitambaa hakukivuta.

Mama alinikuta bado nimekaa, Nikita amejikunyata pembeni yangu. Nilimweleza yote, sikuficha. Kwamba hakukuwa na kosa, kwamba walikuja kunipa miaka miwili, kwamba jani lilikuwa riboni.

Sijawahi kumwona mama akikosa pa kuweka mikono. "Yesu na Maria," akasema taratibu. "Basi ni mimi niliyekuvunjia kazi."

"Hukuvunja, mama. Hardeep amenirudishia mwenyewe, hapa hapa, sasa hivi. Nimekataa."

Akaketi kwenye kreti lingine, akanitazama usoni kama anayetafuta nimeficha nini.

"Umekataa baada ya kujua?"

"Baada ya kujua, mama."